Aibu ya Aliyetapeliwa na Usalama wa Nchi

"Ile hela itume kwenye namba hii." Ni vigumu kumpata mwenye simu Tanzania ambaye hajapokea ujumbe huu walau mara moja. Wengi huufuta bila kuufikiria. Wachache hutuma. Na anayetuma, akishagundua kilichompata, hukutana na swali lile lile nyumbani, kwa wakala na hata kituo cha polisi: ulitumaje pesa bila kupiga simu kwanza?

Swali hilo lina sura ya busara, lakini limetugharimu sana. Linamgeuza aliyeibiwa kuwa mshitakiwa, na mtu akishajiona mshitakiwa hunyamaza. Hoja yangu ni kwamba ukimya huo si hasara ya mwenye simu peke yake. Ndio upenyo mpana kuliko yote katika ulinzi wa mtandao wa nchi nzima, na kampeni za kuelimisha umma zitazaa matunda haba mpaka zitakapojifunza kumpokea mtu baada ya kuibiwa, badala ya kumhubiria kabla ya kuibiwa tu.

Tuanze na ujumbe wenyewe, maana unadharauliwa kuliko unavyostahili. Tapeli hamjui anayemwandikia. Anatuma kwa namba nyingi mfululizo, akijua kwamba ikifika mwisho wa mwezi, miongoni mwa hao wote wamo watu ambao dakika ile wanataka kutuma pesa: kodi ya nyumba, ada ya mtoto, matumizi ya mama kijijini, malipo ya mzigo wa dukani. Kwa mtu wa namna hiyo ujumbe hauingii kama utapeli. Unaingia kama mwendelezo wa mazungumzo aliyokuwa nayo asubuhi na mwenye nyumba wake. Hakukosa akili, tapeli amemkuta katika dakika yake dhaifu. Vodacom ilipoanzisha M-Pesa hapa nchini mwaka 2008, mwaka mmoja baada ya Safaricom kuianzisha Kenya, kutuma pesa kwa simu lilikuwa jambo la kufikiriwa mara mbili. Leo Tanzania ina akaunti za pesa za simu zaidi ya milioni 50, na mkono umezoea kubonyeza kabla jicho halijamaliza kusoma.

Mbinu nyingine zimejengwa juu ya msingi huo huo. Mzazi anapigiwa na anayejiita mwalimu: mtoto ameanguka shuleni, yuko hospitali, dawa inatakiwa sasa hivi. Rafiki anaandika WhatsApp, kwa namba yake halisi na picha yake halisi, kwamba kuna tarakimu sita zimetumwa kwako kwa makosa, tafadhali mrudishie. Ukimrudishia, akaunti yako imekwenda, na ndani ya saa moja ndugu zako wote wanaombwa mkopo wa dharura kwa jina lako. Yule rafiki aliyekuandikia naye hakuwa yeye. Alikuwa ameshanyang'anywa akaunti kwa njia hiyo hiyo. Kinachoibiwa kwanza hapa ni uaminifu wetu sisi kwa sisi, na pesa hufuata. Jamii ambayo mtu humtumia shemeji yake pesa bila kudai maelezo ni jamii nzuri ya kuishi. Ndiyo maana nashindwa kukubali elimu inayowaambia watu, kwa muhtasari, wasimwamini mtu yeyote.

Kampeni hazijakosekana. Marekani ina mwezi wake wa usalama wa mtandao kila Oktoba tangu mwaka 2004. Kenya, Safaricom iliendesha kampeni ya Jichanue. Hapa kwetu, mwaka 2024, wizara yenye dhamana ya mawasiliano, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania na kampuni za simu zilizindua kampeni ya Sitapeliki. Mafunzo yake ni sahihi na kila mtu anapaswa kuyajua: mtoa huduma wako akikupigia atatumia namba 100 peke yake, ujumbe wa kitapeli, pamoja na namba iliyoutuma, upelekwe 15040, bonyeza *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako, namba ya siri ni ya kwako tu. Sina ugomvi na hata moja kati ya hayo. Ninachokiona ni kwamba karibu yote yanaelekezwa kwa mtu ambaye bado hajaguswa. Yule aliyeguswa jana usiku, ambaye anajua namba iliyompigia, maneno iliyotumia, jina lililotokea kwenye muamala na dakika pesa ilipoondoka, ndiye mwenye taarifa ambazo nchi inazihitaji kuliko mtu mwingine yeyote. Na ndiye tunayemcheka.

Hapa wengine watasema: pesa za mama lishe na usalama wa taifa ni mambo mawili. Sidhani. Tazama wizi wa kubadilisha laini. Mhalifu anakusanya jina lako kamili, namba ya kitambulisho, tarehe ya kuzaliwa, pengine na majina ya watu unaowatumia pesa mara kwa mara. Kisha anamlaghai au kumhonga mtu mwenye uwezo wa kuhamisha namba yako kwenye kadi nyingine. Simu yako inapoteza mtandao ghafla. Unadhani ni mnara. Wakati huo namba yako inafanya kazi mfukoni mwake, na kila ujumbe wa uthibitisho kutoka benki, barua pepe na mitandao ya kijamii unamfikia yeye. Kenya, mji mdogo wa Mulot, mpakani mwa kaunti za Bomet na Narok, umejulikana nchi nzima kwa vijana waliobobea katika kazi hiyo. Januari 9, 2024, mbinu hiyo hiyo ilitumika Marekani dhidi ya SEC, taasisi inayosimamia masoko ya hisa na mitaji. Wahalifu waliipata namba ya simu iliyokuwa imeunganishwa na akaunti ya X ya taasisi hiyo, wakabadilisha nywila, wakachapisha tangazo la uongo kuhusu uwekezaji wa Bitcoin, na bei ya sarafu hiyo ikapanda kisha ikaanguka. Ilikuja kufahamika kwamba hatua ya pili ya uthibitisho kwenye akaunti ile ilikuwa imezimwa tangu Julai 2023. Kosa la laini moja likatikisa soko la dunia.

Nasi tulionja yanayofanana na hayo. Mei 2025 akaunti ya X ya Jeshi la Polisi Tanzania ilidukuliwa na kuchapisha picha chafu na habari ya uongo kuhusu Rais. Polisi walikanusha, lakini kwa saa kadhaa maneno ya mhalifu yalikuwa yamevaa sare ya serikali. Nywila ya akaunti ya ofisi hushikwa na binadamu: afisa mwenye simu, mwenye watoto wanaoichezea, mwenye uchovu wa saa kumi jioni. Mafunzo tunayotaka yamfikie mama lishe ndiyo yanayotakiwa yamfikie afisa huyo, kwa lugha hiyo hiyo.

Mfano ulio wazi zaidi uko Liberia. Mwaka 2016 kampuni ya simu ya Lonestar ilishambuliwa kwa wimbi la maombi ya kughushi yaliyoulemaza mtandao wake na kuwakosesha intaneti wateja wengi. Mshambuliaji, raia wa Uingereza aliyefungwa mwaka 2019, alikuwa amelipwa na mtu wa kampuni shindani. Silaha yake haikuwa kombora wala kompyuta ya ajabu. Zilikuwa kamera za ulinzi za watu wa kawaida, zilizotapakaa nchi mbalimbali, ambazo zilitekwa kwa programu iitwayo Mirai. Programu hiyo ilikuwa na orodha fupi ya nywila za kiwandani, zile zinazokuja na kifaa ndani ya boksi, na ilizijaribu moja baada ya nyingine. Wenye kamera hawakujua lolote. Kamera ziliendelea kuonyesha geti na gari kama kawaida. Mtu anayefunga kamera nyumbani kwake Mbezi au Nyali leo na kuiacha na nywila ya boksi anatoa askari wa kukodi kwa vita asivyovijua.

Tuje kwenye vitambulisho, ambako naona tumezembea zaidi. Tanzania ililazimisha usajili wa laini kwa alama za vidole, na kuanzia Januari 20, 2020, laini zisizosajiliwa kwa namba ya NIDA zikaanza kuzimwa. Ahadi ilikuwa kwamba kila laini ingekuwa na mwenyewe, na tapeli asingekuwa na pa kujificha. Utapeli haukuisha. Taarifa za kila robo mwaka za Mamlaka ya Mawasiliano zinaonyesha majaribio ya ulaghai kwa mkoa, na kwa vipindi kadhaa Rukwa na Morogoro imekuwa ikitajwa kuongoza. Sababu moja inajulikana mtaani: wapo wasajili wasio waaminifu, wa chini ya mwavuli, ambao humwambia mzee aweke kidole mara ya pili kwa kuwa mashine haijasoma. Kidole cha kwanza kimesajili laini ya mzee. Cha pili kimesajili laini ya mtu mwingine kwa jina lake. Siku laini hiyo itakapotumika kuiba, polisi watamfuata mzee.

Na taarifa zenyewe tunazimwaga kila mahali. Getini kwa kila jengo la ofisi kuna daftari ambalo mgeni huandika jina, namba ya simu, mara nyingine na namba ya kitambulisho, na kila anayefuata husoma ya waliomtangulia. Nakala za vitambulisho hubaki kwenye mashine za vibanda vya kudurufu. Karatasi za ofisini, zikiwa na majina na saini za watu, huuzwa kwa kilo na kuishia kufungia vitumbua. Bunge lilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika Mei 1, 2023, na Tume yake ipo. Kenya ilitangulia mwaka 2019. Lakini mlinzi wa getini hajaambiwa kwamba daftari lake limo ndani ya sheria hiyo. Ningeambiwa nichague kampeni moja ya kuanza nayo kesho, ningechagua hilo daftari, kwa sababu linamfundisha kila anayeingia ofisini kwamba taarifa zake ni kitu cha kuachwa mezani.

Ukimya unaotokana na aibu hauishii kwa raia. Umo ndani ya taasisi, na huko madhara yake ni makubwa zaidi. Mwaka 2018 wadukuzi waliingia kwenye mifumo ya SingHealth, mtandao wa hospitali za umma Singapore, wakaiba taarifa za wagonjwa milioni 1.5, akiwemo waziri mkuu wa wakati huo, Lee Hsien Loong. Serikali iliunda kamati ya uchunguzi na kuichapisha ripoti yake. Wafanyakazi wa kawaida walikuwa wameona dalili mapema: watu wasiojulikana wakijaribu kuingia, maswali ya ajabu yakielekezwa kwenye hifadhidata. Baadhi yao walichukua hatua nzuri kwa akili zao wenyewe. Kilichokwama ni kupeleka taarifa juu. Meneja mmoja alisita, akihofia kwamba akishatamka, yeye na wenzake watabanwa usiku na mchana. Nchi iliyowekeza fedha nyingi kwenye ulinzi wa mtandao ikakwama kwenye hofu ile ile inayomfunga mdomo mzee aliyetapeliwa laki mbili.

Benki Kuu ya Bangladesh ilipata funzo linalokaribiana na hilo. Februari 2016 wadukuzi walijaribu kuhamisha karibu dola bilioni moja kutoka akaunti ya benki hiyo iliyoko New York, wakafanikiwa kuondoka na dola milioni 81 kupitia Ufilipino. Printa iliyopaswa kuchapa kumbukumbu za miamala haikufanya kazi asubuhi ile. Wafanyakazi wakaichukulia kuwa ni hitilafu ya kawaida, kama zilivyokuwa nyingine kabla yake. Elimu ya usalama katika ofisi kama hiyo ni kumzoesha mtu kwamba kusema "printa imegoma na sijui kwa nini" ni kazi yake, na kwamba hakuna atakayemwona msumbufu.

Kuna jambo jingine linalowanyamazisha watu Afrika Mashariki, na haliwezi kuachwa kwa kuogopa kuudhi. Mwananchi wa kawaida ameijuaje sheria ya makosa ya mtandao? Ya Tanzania ilipitishwa mwaka 2015. Ya Kenya ilipitishwa mwaka 2018, na vifungu vyake 26 vikasimamishwa kwa muda na Mahakama Kuu baada ya wanablogu kufungua shauri, hadi hukumu ya mwaka 2020 ilipovirudisha. Sheria zote mbili zina vifungu vizuri dhidi ya udukuzi, wizi wa utambulisho na ulaghai. Lakini habari zilizomfikia mwananchi ni za watu kukamatwa kwa sababu ya walichoandika. Kwa hiyo akisikia "makosa ya mtandao" hawazi ulinzi, anawaza pingu. Mtu huyo hawezi kuipeleka simu yake kituoni kwa hiari, ifunguliwe na kusomwa, hata kama ameibiwa mtaji wote. Serikali ikitaka kuletewa taarifa za wizi, iutenganishe waziwazi, kwa vitendo, ulinzi wa raia mtandaoni na udhibiti wa maneno yake. Hakuna tangazo la redio linaloweza kuziba pengo hilo.

Uwazi wa serikali yenyewe ni somo zuri kuliko bango lolote. Estonia ilishambuliwa mtandaoni kwa majuma mwaka 2007, benki na magazeti yake yakazimwa, na tangu hapo imejijenga kama nchi inayosema. Septemba 2017 serikali yake ilitangaza kwamba watafiti wamegundua udhaifu kwenye kadi za kitambulisho zipatazo 750,000, zile zile ambazo raia hutumia kusaini mikataba na kufikia huduma karibu zote za serikali. Waziri Mkuu Jüri Ratas alilisema jambo hilo hadharani kabla hakujaonekana dalili yoyote kwamba udhaifu umetumiwa. Novemba vyeti vya kadi hizo vikasitishwa, na raia wakaelekezwa jinsi ya kuviweka upya, wengi wakiwa nyumbani kwao. Imani ya watu haikuanguka. Walijifunza mengi zaidi kwa mwezi mmoja kuhusu funguo za siri za kidijitali kuliko ambavyo semina za miaka kumi zingewafundisha.

Kenya nayo, mfumo wa eCitizen uliposhambuliwa Julai 2023, Waziri Eliud Owalo alikiri jambo hilo. Huduma zaidi ya 5,000 za serikali zilikuwa zimehamishiwa humo. Wasafiri waliokuwa wakitegemea viza ya mtandaoni ilibidi wapewe walipowasili. Watu walihangaika kununua tokeni za umeme. Kundi lililojiita Anonymous Sudan lilidai kuhusika, na Oktoba 2024 Marekani ikawashitaki ndugu wawili Wasudani kwa tuhuma za kuliendesha kundi hilo. Raia wengi wa Kenya walielewa siku ile, gizani na bila tokeni, maana ya miundombinu muhimu ya taifa. Ilikuwa nafasi ya kuwaeleza kwa undani nini kilitokea, wafanye nini siku nyingine, na kwa nini si kila kushindwa kwa mfumo ni wizi wa taarifa. Nafasi kama hiyo haidumu zaidi ya juma moja. Baada ya hapo watu wanarudi kwenye shughuli zao.

Basi elimu nzuri ingefananaje? Ingeanzia kwa wakala. Huyo ndiye anayemwona mtu akiwa na simu mkononi, sauti ikitetemeka, akitaka kutuma pesa kwa namba asiyoijua. Wakala aliyefundishwa kumuuliza mteja maswali mawili, na anayejua kwamba hatapoteza kamisheni yake kwa kumchelewesha, angeokoa watu wengi kuliko vipeperushi. Benki na taasisi nazo zingeacha kuwafundisha wateja tabia wanazozikataza: haiwezekani benki imwambie mteja asifungue kiungo chochote, kisha kesho yake imtumie kiungo cha ofa, au afisa wake ampigie kwa namba ya kawaida na kumtaka athibitishe tarehe ya kuzaliwa. Na familia zingekubaliana neno au swali la nyumbani la kumtambua mtu kwa simu, kwa sababu sauti na sura sasa zinaigwa. Mapema mwaka 2024 ilifahamika kwamba mfanyakazi wa kampuni ya uhandisi ya Arup huko Hong Kong alihamisha takriban dola milioni 25 za Marekani baada ya mkutano wa video na watu waliofanana kabisa na wakubwa wake, ambao wote walikuwa picha za kutengenezwa. Jina la utani la bibi, ambalo halijawahi kuandikwa Facebook, ni ulinzi wa maana mbele ya teknolojia hiyo.

Lakini hayo yote hayatasimama ikiwa aliyeibiwa hana mahali pa kukimbilia papo hapo. Pesa iliyotumwa kwa tapeli haikai. Ndani ya dakika chache inatolewa kwa wakala au kuhamishiwa laini nyingine. Mtu anayetakiwa kwanza apate namba ya kumbukumbu kituoni, kisha aende nayo duka la mtandao, kisha asubiri siku za kazi, ameshapoteza. Anachohitaji ni namba moja inayopokelewa usiku na mchana, yenye uwezo wa kuzuia muamala kwanza na kuuliza maswali baadaye, na mtu wa upande wa pili anayejua kwamba kinachosimuliwa kwa kilio ni taarifa ya kiusalama. Sheria ya Kenya ya ulinzi wa data inaipa taasisi saa 72 kumjulisha kamishna pale taarifa za watu zinapovuja. Raia naye anastahili kuwekewa saa zake.

Taarifa ile ya robo mwaka inayohesabu majaribio ya ulaghai kwa mkoa na kwa mtandao wa simu ni kazi nzuri, na huwa naisoma kila inapotoka. Ningependa iwe na safu nyingine kando ya hiyo: waliotoa taarifa ni wangapi, waliorudishiwa pesa zao ni wangapi, na ilichukua saa ngapi. Mtu wa Sumbawanga akiona kwamba katika mkoa wake watu waliosema mapema walirudishiwa, atasema na yeye, na namba ya tapeli itazimwa kabla haijamfikia mtu wa Ifakara.